Kifaranga wa Siku Moja Anatuambia Nini Kuhusu Manyoya Yake ya Baadaye

Kila kundi jipya la vifaranga linapotoka kwenye mashine ya kutotolesha, swali la kwanza la wanunuzi haliwi la chanjo wala la uzito, bali la rangi. Mmoja anataka mitetea wekundu kwa sababu amesikia kwamba hao ndio watagaji. Mwingine anataka jogoo mweupe asiye na doa. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hapendi kueleza sababu zake, anatafuta mweusi tii na yuko tayari kuongeza bei. Huku pwani biashara ya kuku mweusi, mweupe na mwekundu kwa ajili ya waganga ni ya zamani, na mfugaji anayejifanya haijui anajinyima soko bure. Wote watatu huinama juu ya boksi, humnyooshea kidole kifaranga aliyetotolewa jana, na kuuliza atakuwaje akikua.

Swali hilo linajibika, ila si kwa namna wanayoitarajia. Malaika ya kifaranga, yaani yale manyoya laini anayotoka nayo kwenye yai, hayaonyeshi kwa udogo sura ya kuku mkubwa. Yanajibu maswali machache tu: kama mwili wa kuku huyu utaruhusu rangi nyeusi ionekane au la, kama manyoya yake yatakuwa na michirizi, kama msingi wake ni wa dhahabu au wa fedha, na, pale wazazi walipochaguliwa kwa makusudi, kama ni jike au dume. Zaidi ya hapo ni kubahatisha, na anayetaka kubahatisha kwa akili anapaswa kuwatazama wazazi kabla ya kumtazama mtoto.

Tuanze na rangi zenyewe, kwa kuwa ni chache kuliko zinavyoonekana bandani. Rangi karibu zote tunazoziona kwenye manyoya ya kuku hutokana na melanini za aina mbili: moja hutoa weusi na kahawia iliyokolea, nyingine hutoa wekundu, dhahabu na manjano. Kijivu ni weusi uliopunguzwa nguvu. Weupe ni melanini iliyozuiwa. Ule mng'ao wa kijani kwenye mkia wa jogoo mweusi si rangi hata kidogo, bali ni namna unyoya ulivyojengeka na unavyorudisha mwanga. Kwa hiyo urithi wa rangi, kwa sehemu kubwa, ni urithi wa maagizo: ipi kati ya melanini hizo mbili itengenezwe, itengenezwe sehemu gani ya mwili, na izuiwe wapi. Agizo kuu hutoka kwenye jeni iitwayo MC1R, ambayo kwa binadamu ndiyo inayohusishwa na nywele nyekundu za baadhi ya watu wa Ulaya. Kwa kuku jeni hiyo ina matoleo kadhaa, na kila toleo humvalisha kifaranga malaika ya namna yake.

Toleo la asili ni lile la kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ambaye ndiye babu mkuu wa kuku wetu wote. Kifaranga mwenye toleo hili hutoka na mstari mpana wa kahawia iliyoiva, unaoanzia kichwani na kushuka mgongoni hadi mkiani, ukiwa umepakana na mistari miwili ya rangi ya maziwa, na mara nyingi kuna mstari mwembamba unaopita kwenye jicho. Akilala chini katikati ya majani makavu, haonekani kwa urahisi, na nadhani ndiyo sababu mama zetu walipenda kumbakisha kuku anayetotoa vifaranga wa namna hii pale mwewe walipozidi. Wapo pia wafugaji wanaowapaka vifaranga wao rangi ya zambarau au ya waridi ili kumchanganya mwewe, na hiyo ndiyo rangi pekee ninayoweza kuitabiri bila wasiwasi: itaondoka.

Kifaranga huyo wa mistari ndiye anayeonyesha vizuri zaidi tatizo la kutabiri. Akiwa jike, atakuwa kuku wa kahawia mwenye vitone vidogo mgongoni na kidari chenye wekundu hafifu. Akiwa dume, atakuwa jogoo mwenye shingo ya dhahabu, mabega mekundu, kidari cheusi na mkia mweusi wenye kung'aa. Ndugu wawili wanaofanana kabisa siku ya kwanza wataishia kuwa na sura mbili ambazo mgeni asiyefuga hawezi kuamini kwamba zimetoka kwenye kiota kimoja. Kinyume chake pia hutokea. Liko toleo jingine la jeni hiyo hiyo ambalo kifaranga wake hutoka wa manjano hafifu yasiyo na mstari wowote, na jike wake hukua akiwa na rangi ya ngano, mwenye kidari cheupe kisichoiva. Lakini jogoo wake, akishakomaa, hutofautiana kidogo mno na yule jogoo aliyetoka kwenye kifaranga wa mistari. Basi vifaranga wanaofanana hutoa kuku wasiofanana, na vifaranga wasiofanana hutoa majogoo wanaofanana. Mtu akishalikubali jambo hilo, mengine yote hueleweka kwa wepesi.

Kifaranga mweusi ndiye anayezua ubishi mwingi kuliko wote, kwa sababu huwa hatoki akiwa mweusi mwili mzima. Toleo la MC1R linaloeneza weusi mwilini humpa mgongo na kichwa cheusi, lakini tumbo, koo na ncha za mabawa hutoka nyeupe au manjano yaliyofifia. Mzee mmoja mnunuzi wangu aliwahi kuniambia kwa masikitiko, "Mwanangu, mimi nimekuomba mweusi, wewe unanipa kunguru." Nilimjibu, "Mzee wangu, huyu ndiye mweusi mwenyewe, mpe miezi mitatu." Weupe wa tumbo la kifaranga wa namna hii ni wa malaika tu, manyoya halisi yanapoota mahali pale, huota meusi. Vifaranga wa Black Australorp, kuku mweusi maarufu aliyefugwa kwa uteuzi huko Australia, hutoka hivyo hivyo, na hakuna mfugaji wa aina hiyo anayeshtuka. Hata unyoya mmoja au miwili myeupe kwenye ncha ya bawa katika manyoya ya kwanza si jambo la kuogopesha, kwa kuwa mara nyingi hudondoka na kufuatwa na mweusi.

Weupe wa kuogopa, kama shabaha yako ni kuku mweusi, uko mahali pengine. Doa jeupe lililokaa kisogoni, juu ya malaika meusi, ni dalili ya michirizi: kuku huyo atakuwa na manyoya yaliyokatwa na mistari myeupe na myeusi kwa zamu, sawa na Plymouth Rock mwenye michirizi. Weupe uliozidi kawaida, uliopanda kutoka tumboni hadi usoni na kuenea kwenye mabawa, huashiria madoa, hasa ikiwa mzazi mmoja au wote wawili wana madoa. Kuku huyo atakuwa mweusi mwenye ncha nyeupe kwenye manyoya, na weupe huo huongezeka kila anapobadilisha manyoya. Na ukiona kifaranga mweusi ambaye uso wake una rangi ya kutu, usimwahidi mtu weusi mtupu, kwa kuwa hiyo ni kawaida ya lile toleo la jeni linalompa kuku mwili mweusi na shingo ya dhahabu au ya fedha.

Kuna hatari nyingine ambayo malaika hayaionyeshi kabisa. Weusi huo ulioenea hutawala, yaani kifaranga akiurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu bado atatoka mweusi. Lakini kuku aliyeurithi upande mmoja hukosa uthabiti: anapokomaa, rangi iliyofichwa chini hupenya, na hupenya zaidi kwa dume kuliko kwa jike. Ndipo pora uliyemhesabu kuwa mweusi, anapoanza kuota manyoya marefu ya shingoni, huonyesha nyuzi za dhahabu, kisha mabega yakashika wekundu. Siku ya kwanza hakuwa na tofauti yoyote na nduguye atakayebaki mweusi. Ni wazazi tu, na hasa baba, watakaokuonya.

Vifaranga wa manjano wana siri nyingi zaidi, kwa kuwa njia za kufika kwenye manjano ni nyingi. Kuku wa nyama mweupe hutoka wa manjano. White Leghorn hutoka wa manjano. Kuku wa rangi ya ngano, kama nilivyosema, hutoka wa manjano. Na majogoo wa kuku wa mayai wa kahawia nao hutoka wa manjano. Kuwatenganisha kwa macho ni kazi ngumu, na anayekuambia anaweza kufanya hivyo kila mara anakuuzia maneno.

Weupe wenyewe uko wa aina mbili kubwa. Wa kwanza hutawala: kifaranga huhitaji kuurithi kwa mzazi mmoja tu ili aonekane mweupe, na ndio unaobebwa na White Leghorn na aina nyingi za kuku wa nyama. Weupe huu ni chokaa iliyopakwa juu ya ukuta. Chini yake ukuta una rangi yake, ambayo hutaiona mpaka chokaa ikosekane katika kizazi kinachofuata. Ndiyo maana mtu hupandisha kuku wawili weupe waliotokana na chotara, akapata vifaranga weusi na wa kahawia kati ya wale wa manjano, akaanza kumshuku jogoo wa jirani. Dalili moja ya kweli ipo: kifaranga wa manjano mwenye vitone vichache vyeusi vilivyotapakaa mgongoni au kichwani kwa kawaida ana chokaa ya upande mmoja tu, na atakapokua mweupe atabaki na manyoya machache meusi hapa na pale. Aidha, weupe huu huzuia weusi vizuri lakini huuvumilia wekundu, kwa hiyo jogoo wake anaweza kutoka mweupe mwenye mabega mekundu.

Aina ya pili ya weupe hujificha. Kuku anaweza kuubeba maisha yake yote akiwa mweusi au mwekundu, na kifaranga atatoka mweupe pale tu atakapourithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Vifaranga wa namna hii, ikiwa chini ya weupe wao kuna asili ya weusi, mara nyingine hutoka na malaika ya rangi ya moshi badala ya manjano safi, na watu huwadhania kuwa wa kijivu. Nimeona mnunuzi akiwachagua vifaranga hao mmoja mmoja kwa furaha, akitarajia kundi la kijivu. Nilimwonyesha mama yao mweupe aliyekuwa akidonoa pale pale mlangoni, akawarudisha wawili na kuwabeba waliobaki.

Kijivu cha kweli ndicho chenye hesabu nzuri kuliko rangi zote, na kwa bahati mbaya ndicho kisichoulizwa sana. Kuku wa kijivu amerithi jeni ya kupunguza weusi upande mmoja. Akiirithi pande zote mbili huwa mweupe uliochafuka kwa matone ya kijivu. Ukipandisha jogoo wa kijivu na tembe wa kijivu, tarajia robo ya vifaranga wawe weusi, nusu wawe wa kijivu, na robo wawe hao weupe wa matone. Hesabu hii ilithibitishwa kwa kuku wa Andalusian mwanzoni mwa karne ya 20, wakati William Bateson, mwanasayansi wa Uingereza ambaye mwaka 1902 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizozigundua mtawa Gregor Mendel kwenye njegere zinafanya kazi hata kwa kuku, alipokuwa akiendeleza uchunguzi huo pamoja na wenzake. Kwa kuku mmoja aliyelalia mayai machache hesabu hiyo haiwi kamili, bila shaka. Robo ya vifaranga wanane inaweza kuwa mmoja, wanne, au asiwepo. Lakini angalau hapa malaika husema kweli: kifaranga wa kijivu aliyezaliwa na wazazi wa kijivu na weusi atakuwa kuku wa kijivu.

Nimefika sasa mahali ambapo rangi ya kifaranga ina manufaa ya wazi kuliko yote, na si katika kutabiri manyoya bali katika kutambua jinsia. Kwa ndege mpango wa kromosomu, yaani zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, ni kinyume cha wetu. Dume ana kromosomu mbili za Z. Jike ana Z moja na W moja. Mama humpa mtoto wake wa kiume ile Z yake ya pekee, na binti humpa W. Kwa hiyo binti hupata Z yake kutoka kwa baba tu. Jeni yoyote ya rangi iliyokaa kwenye Z itamfanya binti amfuate baba, na mtoto wa kiume, ikiwa jeni ya mama ndiyo inayotawala, amfuate mama.

Jeni mbili za rangi zilizo muhimu kwa mfugaji zimekaa huko. Ya kwanza huamua kama msingi wa kuku ni wa fedha, yaani weupe mahali ambapo pangekuwa na dhahabu, au ni wa dhahabu yenyewe. Na fedha hutawala dhahabu. Chukua jogoo wa dhahabu, kwa mfano Rhode Island Red, umpandishe na majike wa fedha, kwa mfano Light Sussex. Binti wote watatoka wekundu au wa kahawia kama baba, na madume wote watatoka wa manjano yaliyofifia kama mama. Siku ya kwanza kabisa, bila kumgeuza kifaranga wala kumkagua sehemu za siri kwa utaalamu ule uliosambazwa na Wajapani, unawatenga kwa macho. Jeni ya pili ni ya michirizi. Jike mwenye michirizi akipandishwa na jogoo asiye na michirizi, mwenye malaika yanayokubali weusi, madume watatoka na doa kisogoni na majike watatoka bila doa. Ukigeuza mpango huu, jogoo awe na michirizi na majike wasiwe nayo, watoto wote watapata doa na hutajifunza lolote kuhusu jinsia. Nimeona watu wengi wakilisahau hilo, kwa sababu kwa macho michanganyiko hiyo miwili inaonekana kuwa kitu kimoja.

Aliyelisukuma jambo hili kutoka kwenye maabara hadi kwenye mabanda alikuwa Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chakula kilipokuwa adimu nchini Uingereza, alipendekeza rangi zinazofuata jinsia zitumike kuwatambua madume mapema ili wasipotezewe lishe. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, yeye na Michael Pease waliingiza jeni ya michirizi katika kuku wa Campine wa dhahabu na kupata Cambar, aina ya kwanza ambayo vifaranga wake hujionyesha jinsia kila kizazi bila kuhitaji kuchanganya aina mbili upya. Siri yake ni kipimo: dume ana nakala mbili za jeni ya michirizi na jike ana moja, hivyo malaika ya dume hupauka zaidi. Hata kwa Plymouth Rock wa kawaida, doa la dume huwa kubwa na lenye kingo zisizo wazi, na la jike huwa dogo, lililojikusanya, huku miguu ya jike ikiwa na weusi zaidi upande wa mbele. Mwenye jicho zuri hupatia mara nyingi, ingawa si kila mara.

Ulimwengu wa leo wa kuku wa mayai wa kahawia umejengwa juu ya ile jeni ya fedha na dhahabu. Katika vituo vikubwa vya kutotolesha, vifaranga wa kahawia huenda kwa wafugaji wa mayai, na wale wa manjano, ambao ni madume, hawana kazi huko. Katika nchi nyingi wamekuwa wakiuawa siku ile ile. Ujerumani ilipiga marufuku desturi hiyo kuanzia Januari 2022. Kwetu madume hao mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini na kufugwa kwa ajili ya nyama, jambo ambalo kwa maoni yangu lina busara zaidi, alimradi mnunuzi aambiwe ukweli. Tatizo ni kwamba haambiwi daima. Ukikutana na boksi zima la vifaranga wa manjano hafifu, wote wa rangi moja, wanauzwa kwa bei ya kutupa kwa jina la chotara au la kienyeji, jiulize dada zao wako wapi. Miezi mitatu baadaye utakuwa na kundi la majogoo weupe wenye mabaka mekundu mgongoni, na hutapata yai hata moja. Vifaranga wa kienyeji wa kweli hutoka mchanganyiko, mweusi, wa mistari, wa manjano, wa kahawia, kwa kuwa wazazi wao ni mchanganyiko. Na hata chotara wa kigeni tuliowazoea, kama Kuroiler aliyeanzia India, huwa na rangi nyingi katika boksi moja.

Kuna jambo jingine la kuongeza hapa kwa ajili ya wale wanaonunua kuku wa mayai wa kahawia, wakamchukua na jogoo wa aina hiyo hiyo, wakitumaini kuendeleza vifaranga wanaojitenga kwa rangi. Haiwezekani. Jogoo huyo ana fedha upande mmoja na dhahabu upande mwingine, na majike wake wana dhahabu. Watoto wao watakuwa nusu wa manjano na nusu wa kahawia katika jinsia zote mbili, na rangi haitakuambia tena chochote kuhusu nani atataga.

Yote haya yanadai kwamba baba anajulikana, na hapo ndipo ufugaji wetu wa kuku wa kuachiliwa unapotukwamisha. Kuku jike huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili, wakati mwingine hata tatu, baada ya kupandwa mara ya mwisho. Mayai kumi na mawili chini ya tembe mmoja yanaweza kuwa na baba watatu, na mmoja kati yao alishachinjwa siku ya sikukuu. Anayetaka kutabiri rangi kwa dhati hana budi kuwatenga majike wake na majogoo wote kwa wiki tatu hivi, kisha amwingize jogoo aliyemchagua, na asubiri siku chache kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kutotolesha. Ni kazi inayochosha, na inahitaji uzio ambao wengi hawana. Lakini bila hiyo, elimu yote niliyoieleza hapo juu inakuwa ya kueleza mambo yaliyokwisha kutokea.

Baada ya kutotolewa, muda nao una masharti yake. Manyoya ya mabawa huanza kuchomoza katika siku za mwanzo, na mimi huyaamini zaidi kuliko malaika, kwa kuwa hayo ni manyoya halisi: kama bawa linaota meusi matupu, mekundu au yenye michirizi, umepata ushahidi wa kwanza wa maana. Kufikia wiki ya nne hadi ya sita mwili umefunikwa na manyoya ya utoto, ambayo bado si ya mwisho. Pora wa asili ya mistari huendelea kufanana na dada zake kwa muda, na ni katika mwezi wa tatu hivi ndipo manyoya membamba yenye ncha kali yanapoota shingoni na karibu na mkia, yakija na dhahabu, fedha au wekundu wake. Rangi ya utu uzima hukamilika karibu na umri wa miezi mitano au sita. Kishingo, kwa kuwa shingo yake haina manyoya, hukunyima hata ule ushahidi wa shingoni, na hapo inabidi kutazama mabega.

Ngozi ni habari tofauti, na inafaa kutajwa kwa sababu wapo wanaotaka kuku mweusi hadi nyama. Weusi wa manyoya hauleti weusi wa ngozi. Kuku kama Silkie na Ayam Cemani wa Indonesia wana badiliko la jeni linalosambaza seli za weusi hadi kwenye ngozi, misuli na mifupa, na Silkie anaweza kuwa na manyoya meupe kabisa juu ya ngozi nyeusi. Hapa kifaranga wa siku moja ni shahidi mzuri: tazama ngozi iliyo chini ya malaika, miguu na mdomo wake. Kifaranga mwenye malaika meusi na ngozi ya waridi hatakuja kuwa na nyama nyeusi, hata mnunuzi aombe vipi.

Kwa wale wanaotaka weusi wa manyoya peke yake, sasa siwauzii tena kifaranga wa siku moja kwa bei ya kuku mweusi. Namwonyesha mnunuzi jogoo na majike waliotoa mayai, namwonyesha kifaranga mwenye tumbo jeupe na kisogo kisicho na doa, na namwambia kwamba akimchukua leo atamlipia bei ya kifaranga yeyote, na akimsubiri hadi afikishe miezi mitatu atalipa zaidi lakini atakuwa amemwona. Wengi wao, wakishalitazama bega la jogoo baba na zile nyuzi chache za dhahabu zilizojificha shingoni mwake, huamua wenyewe kusubiri na kuchukua jike.